Umri au Mfuko: Historia ya Kupimwa Mapato kwa Wazee Wanaotaka Matibabu



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike habari ya historia, nami nimechagua jambo ambalo kila nyumba yetu hapa Uingereza imekwisha kuligusa au italigusa. Nalo ni mzee kuulizwa ana kiasi gani kabla ya kutibiwa au kutunzwa. Yapo mambo ambayo mzee wa nchi hii hupewa kwa sababu ni mzee tu. Yapo mengine hapewi mpaka afungue mfuko wake na kuonyesha hesabu yake ya benki, na akionekana amezidi kiwango kilichowekwa, huambiwa alipe mwenyewe.

Jamaa zetu wengi huyachanganya mafungu haya mawili. Wapo wanaolipia kitu ambacho wangekipata bure, na wapo wanaodhani kila kitu ni bure mpaka siku barua ya halmashauri inapoingia mlangoni. Aliyesoma historia ya jambo hili hatababaishwa na barua hiyo, kwani atajua mstari ulichorwa wapi, lini na kwa sababu gani.

Maskini wa mwaka 1834

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1834 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya maskini. Nia ilikuwa kupunguza gharama, na njia iliyochaguliwa ilikuwa kuufanya msaada uwe mchungu. Asiyejiweza alitakiwa aingie katika nyumba ya kazi ya maskini, na maisha ya humo yalipangwa kwa makusudi yawe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliyeko nje. Mume na mke walitengwa, kila mmoja upande wake. Ilibidi ufike mwaka 1847 ndipo sheria iliposema kwamba mume na mke waliopita miaka 60 wasilazimishwe kutengana.

Shabaha ilikuwa kumtisha kijana mwenye nguvu asipende uvivu. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, waliojaa katika nyumba hizo walikuwa wazee na wagonjwa. Vyumba vyake vya wagonjwa ndivyo vilivyokuwa hospitali ya mtu asiye na kitu.

Kipimo cha uwezo cha siku hizo kilikuwa mlango wenyewe. Ukikubali kuingia, basi umekwisha kushuhudia kwamba huna. Na mlango huo ulikuwa na gharama yake. Mwanamume aliyepokea msaada wa maskini alipoteza haki ya kupiga kura, hata kama alichopokea ni daktari na dawa tu. Waliopokea matibabu peke yake hawakuondolewa adhabu hiyo mpaka mwaka 1885. Tuliweke jambo hili moyoni, maana ndilo asili ya haya ambayo wazee wa Kiingereza walikuwa nayo miaka mingi baadaye. Majengo mengi ya nyumba za maskini yaligeuzwa kuwa hospitali, na mzee aliyepelekwa humo hata baada ya sheria ile kufutwa alihisi bado anaingizwa katika nyumba ya maskini.

Shilingi tano za posta

Katika miaka ya 1890, Charles Booth, mtu aliyechunguza umaskini wa London mtaa kwa mtaa, alitoa shauri kwamba kila mzee apewe pensheni bila ya kuulizwa ana nini. Alisema kwamba ukianza kuwachagua wazee kwa umaskini wao, pensheni hiyo nayo itanuka harufu ya nyumba ya maskini. Serikali iliona gharama ni kubwa mno.

Sheria ya pensheni ilikuja mwaka 1908, ikisimamiwa Bungeni na David Lloyd George, na malipo yalianza tarehe 1 Januari 1909. Mzee wa miaka 70 alipewa shilingi tano kwa wiki ikiwa mapato yake ya mwaka hayazidi pauni 21. Akizidi hapo alipunguziwa kidogo kidogo, na akipita pauni 31 na shilingi 10 hakupata kitu. Tena ilitakiwa awe ameishi katika nchi kwa miaka 20. Na aliyekuwa amepokea msaada wa maskini tangu mwanzo wa mwaka 1908 alizuiliwa mpaka mwisho wa mwaka 1910, isipokuwa kama msaada wenyewe ulikuwa wa matibabu.

Hata hivyo wazee walimiminika. Katika miezi ya kwanza walilipwa zaidi ya nusu milioni, na wengi wao walikuwa watu ambao hawajapata hata siku moja kwenda kuomba kwa walinzi wa maskini. Walikuwa wakivumilia njaa kwa siri. Fedha hizi zililipwa posta, mahali ambapo kila mtu huenda kununua stempu, na mzee aliweza kuzichukua bila ya jirani kumtazama kwa jicho la dharau. Hapo Serikali ilijifunza kwamba ukitaka kujua wahitaji ni wangapi, kwanza uondoe aibu mlangoni.

Bibi wa hospitali na kadi ya mfanyakazi

Ama kwa upande wa matibabu, hospitali kubwa za mji zilikuwa za hisani. Zilijengwa kwa michango ya matajiri ili kuwatibu maskini bure. Zilipoanza kuelemewa, wakubwa wake waliingiwa na wasiwasi kwamba wenye uwezo wanajipenyeza. Mwaka 1895 Royal Free Hospital ya London ilimwajiri mwanamke aliyeitwa Mary Stewart, kazi yake kukaa karibu na mlango na kuuliza: huyu ana kazi gani, anapata kiasi gani, anaweza kuchangia chochote? Hospitali nyingine zilifuata. Kutoka katika kazi hiyo ndipo walipotokea maofisa wa ustawi wa jamii tunaowaona leo katika wodi. Basi ofisa anayekuja kitandani kwa mzee wako leo ana nasaba ya zaidi ya miaka 125.

Mwaka 1911 Lloyd George huyo huyo alileta bima ya afya. Wafanyakazi wa mikono wote, na wa ofisini ambao mshahara wao haukuzidi pauni 160 kwa mwaka, walikatwa mchango, na kuanzia mwaka 1913 walipata daktari. Lakini bima ilimfuata mwenye kadi peke yake. Mkewe hakuwamo, watoto hawakuwamo, na waliokwisha kuzeeka ilipoanza waliachwa nje. Vitanda vya hospitali navyo, isipokuwa vya kifua kikuu, havikuwamo. Mjane wa miaka 75 alibaki na njia tatu: alipe, aombe hisani, au aende kwenye msaada wa maskini.

Mshahara wa mtoto kuhesabiwa

Sehemu hii nataka vijana waisome kwa makini, kwa sababu inawahusu watu kama sisi tunaokaa pamoja, babu, mtoto na mjukuu katika nyumba moja.

Mwaka 1931, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, Serikali iliweka kipimo cha uwezo cha nyumba nzima kwa watu wasio na kazi. Mkaguzi alikuja nyumbani, akatazama samani, akauliza nani anafanya kazi na analeta nini. Mshahara wa kijana ulihesabiwa kuwa ni mapato ya baba yake. Mwaka 1940 ilipoanzishwa pensheni ya nyongeza kwa wazee wenye shida, kipimo hicho cha nyumba nzima kiliwekwa juu yao pia. Mzee aliyekaa na binti yake anayefanya kazi alipunguziwa, na aliyekaa peke yake alipewa zaidi. Sheria ikawa inawaadhibu watoto waliowaweka wazazi wao. Kwa hasira za watu kipimo hicho kilivunja nyumba nyingi, vijana wakahama ili wazee wao wasinyimwe. Mwaka 1941 kilifutwa.

Tangu mwaka 1948 nchi hii imeshika kanuni kwamba mtoto mkubwa halazimishwi na sheria kulipia utunzaji wa mzazi wake, na mshahara wake hauhesabiwi mzazi anapopimwa kwa ajili hiyo. Tunamtunza mzazi kwa mapenzi na kwa kumcha Mungu. Lakini ikitokea ofisa akauliza mshahara wa mwanao ili apange malipo yako ya utunzaji, mjibu kwa adabu kwamba hilo halimo katika hesabu.

Tarehe 5 Julai 1948

Baada ya vita, kufuatana na ripoti ya Beveridge ya Desemba 1942, mambo yaligeuzwa. Tarehe 5 Julai 1948 Huduma ya Afya ya Taifa ilianza kazi chini ya waziri Aneurin Bevan. Daktari, hospitali, dawa, meno na miwani vilitolewa bila ya malipo kwa tajiri na maskini, mtoto na mzee, na gharama zikatolewa katika kodi. Kwa mara ya kwanza mjane yule wa miaka 75 aliingia hospitali na asiulizwe ila ugonjwa wake.

Wengi wanaikumbuka sheria hiyo. Walakini siku hiyo hiyo ilianza kutumika sheria ya pili, Sheria ya Msaada wa Taifa. Hii ndiyo iliyoifuta ile sheria ya maskini. Iliziagiza halmashauri ziweke nyumba za kuwatunza wazee wasiojiweza, nyumba ndogo zenye heshima, na Bevan alipenda kuzifananisha na hoteli, mkazi awe kama mgeni anayelipa. Na kweli alilipa. Pensheni siku hizo ilikuwa shilingi 26 kwa wiki. Mkazi alitoa shilingi 21 na kubakiwa na shilingi 5 za mfukoni. Mwenye zaidi alitozwa zaidi.

Siku ile haikuonekana kuwa jambo kubwa. Malipo yalikuwa madogo, na wazee wengi walikuwa wapangaji wasio na nyumba yao. Lakini mstari ulikwisha kuchorwa. Mzee akiitwa mgonjwa, hapimwi mfuko. Akiitwa dhaifu anayehitaji kutunzwa, anapimwa. Karibu kila ugomvi uliofuata ulitokana na mstari huo.

Shilingi moja ya dawa

Kwanza niseme habari ya dawa, maana huko historia ilikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1951 yaliwekwa malipo ya meno ya bandia na miwani, na Bevan akajiuzulu uwaziri kwa ajili ya jambo hilo. Mwezi wa Juni 1952 kila cheti cha dawa kikatozwa shilingi moja. Wazee hawakusamehewa kwa umri wao. Aliyekuwa akipokea msaada wa taifa alilipa kwanza kisha akadai arudishiwe. Malipo hayo yalifutwa Februari 1965, yakarudishwa Juni 1968 kwa shilingi mbili na peni sita kila dawa. Safari hii Serikali ilikuwa imejifunza. Waliofika miaka 65 walisamehewa wote, kwa umri tu.

Mwaka 1974 wanawake walisamehewa kuanzia miaka 60, na wanaume wakabaki kwenye 65. Mstaafu mmoja, Cyril Richardson, aliona si haki, akashtaki, na mwezi wa Oktoba 1995 Mahakama ya Ulaya ikampa haki yake. Kutoka hapo mwanamume na mwanamke wote husamehewa wakifika 60. Uchunguzi wa macho nao ulirudishwa bure kwa wenye miaka 60 mwaka 1999, baada ya kuondolewa miaka kumi nyuma. Na hizi sehemu nyingine za ufalme zilikwenda mbali zaidi kwa kufuta ada ya dawa kwa watu wote: Wales mwaka 2007, Ayalandi ya Kaskazini 2010, Skotlandi 2011.

Meno ndiyo yaliyobaki. Hapa England mzee wa miaka 80 hutozwa kwa daktari wa meno wa Serikali kama kijana, isipokuwa awe na pensheni ya nyongeza ile ya kuhakikishiwa kima cha chini, au awe na cheti cha mapato madogo. Cheti hicho huombwa kwa fomu inayoitwa HC1. Ukipewa HC2 umesamehewa yote, ukipewa HC3 umesamehewa sehemu. Akiba isizidi pauni 16,000, au 23,250 kwa mtu anayekaa moja kwa moja katika nyumba ya wazee England.

Yaliyotokea kwa majirani zetu wa Ayalandi

Anayetaka kuona waziwazi tofauti ya kupima umri na kupima mfuko na aitazame Jamhuri ya Ayalandi, ng'ambo ya bahari nyembamba. Huko matibabu ya bure hutegemea kadi ya matibabu, na kadi hutegemea mapato. Mwezi wa Julai 2001 Serikali yao iliamua kwamba kila aliyefika miaka 70 apewe kadi hata akiwa tajiri. Waliofaidika walikuwa wengi kuliko walivyokadiriwa, na madaktari walilipwa zaidi kwa hao wapya kuliko kwa wazee maskini waliokuwa nao tangu zamani. Gharama zikapanda.

Oktoba 2008, benki zilipoanguka na hazina kukauka, waziri wa fedha Brian Lenihan alitangaza katika bajeti kwamba haki hiyo imeondolewa, kadi zirudi kwenye kipimo cha mapato. Wazee hawakunyamaza. Tarehe 21 Oktoba walijazana katika kanisa la St Andrew's, Westland Row, Dublin, na siku ya pili maelfu kwa maelfu walisimama mbele ya Bunge, wengine na mikongojo yao. Mbunge mmoja wa chama kilichotawala, Joe Behan, alijitoa chamani. Serikali ikarudi nyuma nusu ya njia. Kiwango kilipandishwa kuwa yuro 700 kwa wiki kwa mtu mmoja na 1,400 kwa mume na mke, na wengi wakabakiwa na kadi zao.

Lakini haki ikishakuwa na kiwango, kiwango husogezwa. Mwaka 2013 kilishushwa kuwa yuro 600 na 1,200. Mwaka 2014 kikawa 500 na 900. Hapakuwa na maandamano makubwa kama yale, maana kila mara walioguswa walikuwa wachache, wale waliosimama ukingoni. Ndipo Agosti 2015 Serikali ikawapa wote waliofika miaka 70 haki ya kumwona daktari wa mtaa bure, bila ya kuuliza mapato, na Novemba 2020 ikapandisha tena kiwango cha kadi kamili kuwa 550 na 1,050. Katika miaka ishirini walitoka kwenye umri, wakaenda kwenye mfuko, wakarudi nusu kwenye umri.

Na kwetu pia yapo ya kujivunia. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, bila ya kumpima mapato. Fedha hizo si nyingi, na si za matibabu peke yake, lakini kanuni yake ndiyo aliyoitaka Booth zaidi ya miaka 120 kabla yake.

Kitanda cha hospitali na kitanda cha nyumba ya wazee

Sasa turudi kwenye mstari wa mwaka 1948. Kadiri watu walivyoishi zaidi, na wengi wakanunua nyumba, kile kiwango cha akiba kilianza kuwafikia watu wa kawaida. Hospitali nazo zilifunga wodi za wazee wanaokaa muda mrefu, wakahamishiwa katika nyumba za wazee. Mzee yule yule, kwa maradhi yale yale, alivuka kutoka mahali asipoulizwa kitu kwenda mahali anapoulizwa kila kitu.

Mwaka 1999 yalitokea mambo mawili. Tume ya Kifalme chini ya Sir Stewart Sutherland ilishauri kwamba kuoshwa, kuvishwa na kulishwa kwa mzee kuwe bure kama matibabu. Skotlandi ilikubali, na tangu Julai 2002 utunzaji huo ni bure huko kwa waliofika miaka 65. England ilikataa. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Pamela Coughlan, mwanamke aliyeumia katika ajali ya barabarani mwaka 1971. Mahakama ilisema kwamba mtu ambaye haja yake kubwa ni ya afya, Huduma ya Afya ndiyo impaswayo kumlipia yote, hata akiwa nje ya hospitali, wala mfuko wake usitazamwe. Kutokana na hapo upo utaratibu wa utunzaji wa kudumu wa kiafya, na mzee ana haki ya kufanyiwa tathmini yake. Jamaa wengi hawaambiwi mpaka waulize.

Asiyeingia katika utaratibu huo hupimwa na halmashauri. Katika England, tangu mwaka 2010, mwenye zaidi ya pauni 23,250 hulipa gharama zote za nyumba ya wazee. Aliye kati ya 14,250 na 23,250 huhesabiwa pauni moja ya mapato kwa wiki kwa kila pauni 250 alizonazo juu ya 14,250. Aliye chini ya hapo akiba yake haiguswi, ila pensheni yake huchukuliwa sehemu kubwa. Wales iliweka kiwango cha pauni 50,000 kwa nyumba za wazee mwaka 2018. Tangu mwaka 2010 bei za vitu zimepanda sana na viwango vya England vikabaki pale pale, kwa hiyo kila mwaka vimewaingiza watu zaidi bila ya Bunge kupiga kura.

Mwaka 2011 Andrew Dilnot alishauri pawe na kikomo, mtu asilipe zaidi ya kiasi fulani katika umri wake wote. Sheria ilipitishwa mwaka 2014. Utekelezaji uliahirishwa, ukaachwa, ukafufuliwa mwaka 2021 kwa kikomo cha pauni 86,000, ukaahirishwa tena, na mwezi wa Julai 2024 ukafutwa kabla ya mzee hata mmoja wa England kufaidika nao.

Mambo ya kujua katika kila nyumba

Kwanza, habari ya nyumba. Mzee anayetunzwa akiwa kwake, nyumba yake haihesabiwi. Akienda moja kwa moja katika nyumba ya wazee, inahesabiwa, lakini haihesabiwi katika wiki 12 za mwanzo, wala ikiwa mumewe au mkewe bado anaishi humo, wala ikiwa anaishi humo ndugu wa karibu aliyetimiza miaka 60 au asiyejiweza.

Pili, habari ya hiba. Wapo wanaowashauri wazee wetu waandikishe nyumba kwa watoto ili halmashauri isiipate. Hiba ni jambo jema likiwa na nia njema na wakati wake. Lakini halmashauri ikiona kwamba nia ilikuwa kukimbia malipo, humhesabia mzee kana kwamba bado anayo, na hapana muda maalum unaoifuta hesabu hiyo. Ile miaka saba inayosemwa katika mabaraza yetu ni ya kodi ya mirathi, haihusiani na jambo hili. Isitoshe, mzee aliyekwisha kutoa nyumba amebaki mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Msifanye hivyo kabla ya kumwona wakili.

Tatu, mzee anayetoka Mombasa, Unguja au Maskati kuja kututembelea. Yeye hapimwi umri wala mapato. Anapimwa makazi. Kumwona daktari wa mtaa na huduma ya dharura mlangoni mwa hospitali ni bure kwake, lakini akilazwa anaweza kutozwa, na tangu mwaka 2015 wageni wengi kutoka nchi za mbali hutozwa moja na nusu ya gharama yenyewe. Bima ya safari inunuliwe kabla ya tiketi.

Nne, na hili ndilo kubwa, habari ya haya. Pensheni ya nyongeza iliyoanza Oktoba 2003 ndiyo ufunguo wa meno, miwani na mengine. Makadirio ya Serikali yenyewe yameonyesha mara kwa mara kwamba wazee mamia ya maelfu wenye haki nayo hawaiombi. Miongoni mwao wamo wetu. Nimekaa na wazee katika ukumbi wetu nikiwajazia fomu, na nimewasikia wakisema, "Mwalimu, sisi si omba omba." Nawafahamu. Mtu aliyelea watoto wanane na kusomesha wa ndugu zake hapendi kuandika katika karatasi kwamba hana. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Wazee wa mwaka 1909 waliokwenda posta nao waliona haya mpaka walipofika dirishani.

Historia hii ya karibu miaka 190 inaonyesha jambo moja. Kila panapowekwa kiwango cha mapato, hudhulumiwa watu wa aina mbili: aliyezidi kidogo tu, na aliye chini ya kiwango ambaye aibu au kutojua kumemzuia kuomba. Haki ya umri haiwapotezi hao, na ndiyo sababu dawa za mwaka 1968 zimewafikia wazee wote bila ya fomu. Basi Serikali ikitaka maoni ya wananchi juu ya utunzaji wa wazee, tuandike na tuseme, na tuwaunge mkono wanaotaka umri uwe ndio kipimo. Na maadamu vipimo vya mfuko bado vipo, kazi ya kuondoa aibu ni yetu katika nyumba zetu. Mtoto au mjukuu mmoja katika kila nyumba achaguliwe azijue fomu hizi, akae na mzee kwa upole, asome kila swali kwa Kiswahili, na mzee ajibu akiwa amekaa juu ya kiti chake na heshima yake.

Mungu awape wazee wetu afya na siha njema, na sisi tulio nyuma yao atupe uwezo wa kuwatumikia.

Mwalimu wenu mstaafu.